Tatizo ni mada, Mwalimu

Mwalimu, umeuliza kwa nini vijana wako wa kidato cha tano hapo Kigoma wakipewa insha ya hoja wanaishia kuorodhesha faida na hasara. Kwangu tatizo ni mada. "Elimu ni bora kuliko mali" hakuna anayeipinga kwa dhati. Wape hii: je, Ziwa Tanganyika lifungwe kwa uvuvi kila mwaka? Mwaka 2024 lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na kwa wengi wa vijana wako dagaa na migebuka ndiyo mboga, ndiyo na ada. Hapo kila mmoja ana lake la kusema.

Wabishane kwanza kwa mdomo, kisha kila mtu aandike msimamo wake kwa sentensi moja. Halafu, na hapa usiwe na haraka kabisa, aandike aya nzima ya hoja ya mpinzani wake, kwa nguvu zote, mpaka mpinzani mwenyewe akiri kwamba ametendewa haki. Ndipo aijibu. Anayetetea kufunga amweleze mchuuzi wa samaki wa Kibirizi, mwalo wa hapo Kigoma, atakula nini miezi hiyo mitatu. Utangulizi wauandike mwisho.