Bloku ya mlango isiyobadilika rangi

Ndugu, umeuliza kwa nini bloku yako ya mlango (mchoro uliofungwa kuwa kitu kimoja cha kuwekwa mara nyingi) kwenye AutoCAD, programu ya kuchora ramani, inabaki nyekundu hata ukiihamishia leya nyingine, yaani tabaka jingine la mchoro, na kwa nini kwenye ramani ya mwenzako inatokea kubwa kama uwanja wa mpira.

Rangi kwanza, maana ndiyo inayosumbua wengi. Kuhamisha bloku hakugusi mistari iliyomo ndani. Hiyo inashika leya au rangi iliyochorewa. Andika BEDIT, amri ya kuhariri bloku, chagua bloku, kamata kila kitu, peleka kwenye leya 0, rangi iwe ByLayer (ifuate leya), kisha hifadhi. Leya 0 ina tabia yake: kilichochorwa humo hufuata leya ambayo bloku imewekwa. Milango yote kwenye ramani itajirekebisha papo hapo.

Usitumie EXPLODE, amri ya kupasua bloku, hata wakikushauri. Mlango ukishapasuliwa unabaki mistari mitupu. Mteja akitaka upana wa milimita 900 badala ya 800, utarekebisha mmoja mmoja hadi usiku.

Ukubwa ni suala la vipimo tu. Unachora kwa milimita, mwenzako kwa mita, kwa hiyo 800 yako kwake ni mita 800. Weka INSUNITS, mpangilio wa kipimo cha faili, iwe 4 (milimita) kwenye faili lako na 6 (mita) kwenye lake kabla ya kuingiza, programu itapunguza yenyewe mara 1000.

Ukitengeneza bloku mpya, nukta ya msingi, yaani ile bloku inayoshikiwa wakati wa kuiweka, iweke kwenye kona ya bawaba. Kwa hii ya sasa usiisogeze, milango uliyokwisha kuiweka itahama yote.