Unga wako umenasa floraidi, au elektrodi imekudanganya?

Kijana mmoja wa uzamili amenitumia matokeo: unga wake wa nano, wenye chembe ndogo mno, umeondoa kwenye maji asilimia 98 ya floraidi, ambayo ikizidi huharibu meno. "Dokta, nipeleke jarida gani?" Nikamuuliza alitumia maji gani. Maji safi ya maabara, aliyoyatia sodiamu floraidi mwenyewe. Basi nikamsimulia aibu yangu.

Nilikuwa natengeneza unga wa oksidi ya alumini. Nusu gramu ndani ya mililita 100 za maji yenye floraidi miligramu 10 kwa lita, nikatikisa saa nzima, nikachuja, nikatumbukiza elektrodi, kile kijiti cha kupimia floraidi. Ikasoma 0.4! Usiku huo nilimpigia simu mama, ambaye hata hakujua ninashangilia nini. Sasa, bafa ya kupimia, mchanganyiko unaotiwa kwenye sampuli ili elektrodi isome floraidi yote, ilikuwa imeisha stoo, nami nikaona ya nini kuisubiri. Kumbe alumini kidogo ilikuwa inayeyuka kutoka kwenye unga na kujifunga na floraidi, na elektrodi huona ile iliyo huru tu. Bafa ilipofika, ikavunja vifungo vile, namba ikapanda hadi 5 na ushee. Karibu nusu ya floraidi haikuwa imeondoka, ilikuwa imejificha, tena pamoja na alumini ambayo awali haikuwamo.

Kwa hiyo usipime bila bafa, na baada ya kuchuja pima pia kile kinachovuja kutoka kwenye unga wenyewe.

Kisha nenda kachote maji ya kweli. Huku kwetu chini ya Mlima Meru, maji mengi ya visima yamepita kwenye miamba ya volkano: yamejaa sodiamu na baikaboneti, na pH yake (kipimo cha uasidi) mara nyingi inazidi 8. Kwenye pH hiyo uso wa unga wa aina nyingi huanza kuisukuma floraidi badala ya kuivuta, na baikaboneti nayo inagombea nafasi zilezile. Kikomo cha floraidi cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.5 kwa lita, na mtoto ambaye meno yake yamegeuka kahawia kwa floraidi hanywi maji ya maabara.

Halafu shindana na mfupa. Pale Ngurdoto, Arusha, kuna kituo kilichofanyia kazi kwa miaka mingi mkaa wa mifupa ya ng'ombe wa kunasa floraidi. Mifupa huchomwa kwenye tanuri lenye hewa kidogo. Moto ukipungua, maji yaliyopita kwenye mkaa yananuka, ukizidi mkaa unapoteza nguvu ya kunasa. Unga wako ukishindwa na mfupa wa buchani, rudi mezani. Tena mkaa ule ni chenga, maji yanapita. Unga wa nano ukiujaza kwenye bomba, utasubiri tone hadi jioni.

Kuhusu viyeyushi vya kijani, yaani vimiminika visivyochafua sana mazingira vya kutengenezea unga, mimi ni shabiki. Changanya kolini kloridi na urea, moli moja kwa mbili, upate kimiminika kwenye joto la kawaida, ingawa urea peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 133. Ila ukiosha gramu moja ya unga kwa lita tano za maji, hizo lita ziandike kwenye tasnifu. Na magadi moto (kostiki soda) ya kusafishia unga uliojaa floraidi, unayamwaga wapi?

Jana kijana kanitumia picha ya dumu la lita 20, limeandikwa kwa kalamu nene: kisima cha bibi. Angalau ni la plastiki. Sampuli za floraidi hatuweki kwenye kioo.