Kwa anayetaka kuhamia kwenye boti Nyumba ya Mungu: huo ufunguo wa chumba usiurudishe kwanza

Mleta mada, hebu shusha hilo begi. Umesema kodi ya chumba cha Sakina, pale Arusha, imekuchosha, umepata boti ya mbao yenye paa pale Bwawa la Nyumba ya Mungu, mwisho wa mwezi unamkabidhi mwenye nyumba ufunguo wake na kuhamia majini jumla. Umetuuliza habari za maji ya kunywa, umeme, choo, mbu na kupika. Wadau wamekujibu sola na chandarua, mmoja amekupongeza kwa kuwa "huru". Hakuna aliyekuuliza la maana: ukisharudisha huo ufunguo, wewe ni mkazi wa wapi?

Usicheke. Mimi nilicheka.

Nilikuwa nimepanga Moshi, nanunua samaki bwawani nauza mjini, nalala mwaloni, pale boti zinapoegesha na kushusha samaki, siku nyingi kuliko nyumbani. Nikaona nalipia chumba kinacholaliwa na mende. Nikanunua boti, nikaezeka turubai, nikahama. Aliyenitia moyo ni jamaa mmoja wa pale mwaloni, na kila mwalo unaye wa aina yake: boti hana, wavu hana, ila wenye boti na nyavu wanamsikiliza yeye. Na nilimuuliza, jamani, tena nilimuuliza vizuri: "Kaka, na mambo ya serikali za mitaa je?" Akatema mate pembeni, akasema, "Mdogo wangu, maji hayana mwenyekiti. Namba ya NIDA unayo, unataka nini tena?"

Nikaona huyu ndiye mtu anayejua maisha.

Aisee. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, inasema wewe ni nani. Haisemi usiku unalala wapi, na nchi hii karibu kila ofisi utakayoingia wanataka kujua unalala wapi, tena waandikiwe na mtu mwenye muhuri. Na lile bwawa lenyewe liko mpakani. Huku Mwanga na Moshi Vijijini, yaani Kilimanjaro. Ng'ambo ni Simanjiro, Manyara. Upepo wa mchana ukiamua, unakunywa chai mkoa mmoja na jioni unasonga ugali mkoa mwingine, nauli sifuri. Ni vichekesho mpaka siku unayoulizwa rasmi.

Mimi niliulizwa kwenye leseni. Boti niliinunua ikiwa na leseni ya jina la aliyeniuzia. Leseni hizi hutolewa na halmashauri, na kila mwaka unakata upya. Ilipokaribia kuisha nikaenda kuomba kwa jina langu, nikaambiwa lete barua ya utambulisho kutoka kijiji au mtaa unaoishi. Nikasema hilo tu? Nikaenda kijiji nilichokuwa nafunga boti. Mtendaji, mtu mpole kabisa, akafungua rejesta ya wakazi, lile daftari kubwa la jalada gumu, akaanza kuteremsha kidole ukurasa hadi ukurasa. Mwisho akanitazama. "Kijana, hapa tunakujua kwa samaki. Kwa makazi hatukujui. Kitongoji chako kipi?" Nikanyoosha mkono dirishani: boti ile pale, yenye turubai la bluu. Akaangalia nje, akaangalia rejesta, akaifunga taratibu.

Nikapanda gari hadi Moshi kwa mwenyekiti wa mtaa wangu wa zamani, mama niliyekuwa nikimwamkia kila ninapopita. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, umerudi?" Nikamweleza shida yangu. Kumbe mwenye nyumba alishampa taarifa kwamba nimehama, na kile chumba kina mpangaji mwingine, tena na mke. Mama wa watu akasikitika, akanikaribisha hadi uji, lakini muhuri akauacha kwenye droo. "Mwanangu, nikiandika unaishi hapa nitakuwa nimesema uongo. Nenda unakoishi wakuandikie." Ninakoishi!

Huku nazunguka hivyo, leseni ikaisha. Wateja hawajui barua, wanajua perege. Chalii wangu wa kazi akatoka na boti alfajiri, doria ikamdaka. Chombo hakina leseni hai, mwenye chombo hana kwao panapojulikana. Boti na mashine vikashikiliwa, chalii akalala ndani. Nikaenda kumdhamini nikiwa nimechomekea shati. Kitambulisho? Hiki hapa. Barua ya serikali ya mtaa? Kimya. Unajua nani alimtoa? Mama muuza chapati wa mwaloni. Yule mama ana kitongoji, ana mwenyekiti anayemjua hadi wajukuu, barua aliipata kabla chai haijapoa. Mimi bosi nimekaa kwenye benchi la nje, nimeshika beseni lake la chapati nisije nikalala njaa.

Hapo bado hatujafika kwenye hasara. Faini nililipa. Lakini wakati mambo hayo yanaendelea, boti ilikuwa imevutwa nchi kavu, inapigwa jua kutwa. Wenye boti za mbao mnajua: mbao zikikauka zinajivuta, viungo vinaachana, pamba za kalafati, zile zinazozibia nafasi kati ya mbao, zinalegea na kuanza kuchomoka. Siku naishusha majini iligeuka chujio. Fundi akaomba mbao mpya za chini, pamba, misumari na hela yake. Nikauza mashine ili niitengeneze boti, halafu nikabaki na boti nzuri isiyo na mashine. Kiuchumi mimi ni mtaalamu, msinione hivi.

Nikamfuata yule mwalimu wangu wa "maji hayana mwenyekiti". Akaniambia bila haya, "Mimi nilisema habari za NIDA. Leseni sikuizungumzia." Jioni ile nikamsindikiza kwa macho akielekea kwake. Analala wapi? Kwa mke wake, nyumba ya tofali, bati jekundu, na mlangoni kibao cha anwani ya makazi, vile vilivyobandikwa 2022 kuelekea sensa. Ana namba ya nyumba, ana jina la barabara! Halafu anawaambia wenzake maji hayana mwenyekiti. Mkimuona mwaloni, anunue kwanza boti yeye.

Basi sikia, hili ndilo ninalotaka ulishike, mengine hata ukiyasahau: usirudishe ufunguo mpaka jina lako liwe limeshaandikwa kwenye rejesta ya mahali pengine. Si "nitaandikishwa", si "mwenyekiti ni jamaa yangu". Limeandikwa, umeliona kwa macho yako.

Umesema kwenu ni Machame. Njia ya kwanza ni kihamba cha mzee, lile shamba la ukoo lenye nyumba. Nenda na mtu wa ukoo kwa mwenyekiti wa kitongoji, uandikishwe, toa michango ya shule kama wenzako, na mkutano mkuu wa kijiji, ule unaotakiwa kuitishwa kila miezi mitatu, ujitokeze hata kama utasinzia. Mtendaji anaandikia sura anayoijua. Kabla ya hapo muulize afisa uvuvi wa huko bwawani kama barua ya Machame ataipokea kwa leseni ya Nyumba ya Mungu. Umuulize kabla hujalipia boti.

Njia ya pili ndiyo ninayoitumia mimi: panga chumba kidogo kabisa kwenye kijiji cha kando ya bwawa, hata kama ni cha udongo. Kodi yake huwezi kulinganisha na Sakina. Nyaraka zinakaa humo zikiwa kavu, nyavu zinakaa humo, na boti ikiwa kwa fundi unalala humo. Mwenye nyumba anakupeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji, unakuwa mtu. Oktoba 2024 walipoandikisha wakazi kwa ajili ya uchaguzi wa Novemba, wenzangu wa kwenye boti walipiga miluzi pembeni, mimi nikapanga foleni na kina mama.

Kuna mdau hapo juu amekushauri ukodi sanduku la posta iwe ndiyo anwani. Mkuu, sanduku linapokea barua, halikuandikii barua. Lipia ukitaka, ila usiende nalo polisi kumdhamini mtu.

Sasa hayo mengine kwa kifupi. Maji ya bwawa usinywe bila kuchemsha, hata kama wenyeji wanakunywa mbele yako wakicheka. Na usipende kusimama kwenye maji ya kina kifupi penye majani kila asubuhi ukipiga mswaki. Konokono wa kichocho wanapenda hapo hapo. Choo ni ndoo yenye mfuniko na majivu, unaifukia nchi kavu mbali na maji. Atakayekwambia "bwawa ni kubwa, mwaga tu", muulize anachotea wapi maji ya chai.

Kupika: mtungi mdogo wa gesi unafaa, ila jua kwamba gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya nyumba yenye madirisha, ukifungua mlango inatoka. Ikivuja ndani ya boti inashuka chini ya mbao za sakafu na kukusubiri uwashe kiberiti. Mtungi ukae nje, nyuma, penye upepo, na regulata uifunge kila ukimaliza, siyo jiko tu. Kwenye hili sitanii.

Umeme, nao ni kichekesho: unaelea juu ya bwawa lenye mitambo ya megawati 8 halafu unaomba mtu akuchajie simu kwa buku. Sola ndogo itatosha kwa taa na simu. Friji sahau, samaki wanataka barafu ya kununua.

Sijui kama nimesahau kitu, nimeandika nikiwa na hasira na wali unaungua. Ila mwenye nyumba wako wa Sakina ulishampa taarifa au bado? Kama ulishampa, mpigie leo umwambie unaomba miezi miwili zaidi, kesho asubuhi panda gari la Machame.