Simu ya shangazi ilikwenda na tope

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama simu na mitandao ya kijamii vimeturahisishia kuchangia waliopatwa na maafa. Kuchangia? Hilo halina ubishi. Sisi harusi kwa simu, msiba kwa simu, na mwisho wa ujumbe unakumbushwa "weka na ya kutolea". Ningependa mngeuliza aliyefikwa anapokeaje.

Jumapili ya Desemba 3, 2023, mvua ilipomega miamba laini ya Mlima Hanang na tope likashuka na magogo na mawe hadi mjini Katesh, mkoani Manyara, mimi nilikuwa Arusha. Redio haijasema kitu, video nimeshaiona. Waliofariki walipita 80. Shangazi yangu alikuwa na genge karibu na soko, na kila nikimpigia, hapatikani.

Kundi la ukoo la WhatsApp likachangamka. Kufika saa kumi jioni binamu yangu, ndiye mhazini, alikuwa na laki sita na arobaini. Harusi ya mdogo wangu tulibembelezana miezi mitatu na hatukufika hapo! Sasa tunatuma wapi? Saa mbili usiku ikaingia simu kwa namba ngeni. Ni shangazi, kaazima kitochi cha jirani. Simu yake imekwenda na tope, laini ndani yake, kitambulisho kwenye mkoba, mkoba gengeni. Kurudisha laini wanataka alama za vidole na namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, tarakimu 20, nani anazo kichwani? Akasema, "Hiyo pesa tumeni kwenye namba hii."

Maneno ya matapeli, neno kwa neno. Binamu akajaribu kutuma, likatokea jina la mwanamume tusiyemjua. Kundi likawaka. Huyu anasema tumeibiwa, yule anasema sauti ya watu wazima wote inafanana. Mimi nikajitia mjanja: nikampigia, nikamuuliza mbwa wa babu alikuwa anaitwa nani.

Kimya. Nyuma yake mtoto analia.

"Simba," akasema. "Mwanangu, sina hata viatu."

Mpaka leo naona aibu. Laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mkwe wa jirani, basi, hakuna la zaidi. Tukatuma. Kesho yake wakala mmoja hana keshi, mwingine hana umeme. Ikabidi pesa irudishwe kwa binamu mwingine aliyeko Babati, akaitoa huko, akapanda nayo gari akiwa ameitia kwenye soksi.

Ndiyo maana nawapa heshima waliounda Ushahidi, mfumo wa kuweka taarifa za watu kwenye ramani, mwaka 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi wa Kenya. Haiti ilipotetemeka mwaka 2010, mtu aliyekwama alituma ujumbe mfupi kwenda namba 4636, Wahaiti wa ughaibuni wakaufasiri kutoka Kikrioli, pale alipo pakaonekana kwenye ramani ya Ushahidi. Pale aliyeanza kusema ni mwenye shida. Sisi kwa shangazi tulianza na mtihani.

Nilikaa kuandika nikitaka kusema turudi kwenye bahasha. Lakini ile soksi ingejaa na nini bila kundi? Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, zimesaidia, ila msiniwekee ndiyo hiyo peke yake kwenye hesabu yenu. Ni ndiyo kwa mwenye laini, mwenye chaji, na mwenye wakala aliye na noti. Na kila familia iwe na namba ya mtu wa pili, inayojulikana kabla ya mvua.

Pesa ilipofika, shangazi alinunua kandambili, halafu akanunua simu. Nikamfokea: simu kabla ya godoro? Akanijibu, "Sasa hilo jina la mbwa utaniulizia wapi?"