Nikiacha mkorogo ngozi itarudi?
Mdogo wangu umeuliza ukiacha mkorogo ngozi itarudi au ndo basi tena, mara nyingi inarudi ila taratibu, mimi nilipaka miaka 4 nikaacha 2019 na miezi ya mwanzo ndo ilinitesa, uso unawaka, vipele, vifundo vya vidole vyeusi tii kama nimeshika masizi huku mkono mweupe. Ukiona hivyo usirudie kopo jamani! Kama krimu yako ina steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe na muwasho) usikate ghafla, nenda na kopo lake kwa daktari wa ngozi akupangie namna ya kupunguza. Krimu nyingine zina zebaki, inaharibu figo, kapime na mkojo. Mi siku hizi mafuta ya nazi tu na kofia juani, juzi mama kaniambia nimefanana tena na bibi, nililia.