Kuacha okestra ili uishi kwa kwarteti?

Dada, nimekuelewa: unapiga viola, okestra inakulipa kila mwezi, na wenzako watatu wanataka muishi kwa kwarteti ya nyuzi pekee, yaani kundi la watu wanne: fidla mbili, viola na selo. Usiandike barua ya kuacha kazi bado. Chukua malipo ya onyesho moja, toa nauli, hoteli na kamisheni ya wakala, kisha gawa kwa wanne uone kinachobaki. Kwarteti nyingi zilizodumu zimeegemea chuo. Takács, iliyoanzishwa Budapest mwaka 1975, ilihamia Chuo Kikuu cha Colorado huko Boulder miaka ya 1980, na wanamuziki wake hufundisha hapo. Tafuteni kwanza nafasi ya namna hiyo, nawe uombe likizo bila malipo.

Andikianeni mkataba: mapato, anayetoka anaondoka na nini, jina ni la nani. Mwanasheria aupitie, maana hapa ndipo urafiki huvunjika. Kuhusu ugomvi ulioutaja wa nani apige fidla ya kwanza, ile inayoongoza, wapiga fidla wapokezane. Drucker na Setzer, wapiga fidla wa kwarteti ya Emerson, walifanya hivyo, na kundi likadumu kutoka 1976 hadi 2023.

Na hilo bega ulilosema linauma, muone daktari wiki hii, kabla hamjaongeza saa za mazoezi.