Jibu: Gauni la kanga na jalada la kazi ambalo mwalimu "haoni maendeleo"

Mdogo wangu, umesema una michoro minane ya magauni ya kanga, moja umeshaanza kulishona, na mwalimu amerudisha jalada akiandika "maendeleo hayaonekani, tathmini dhaifu". Naamini michoro yako ni mizuri. Ila magauni manane tofauti hayaonyeshi wazo likikua. Msahihishaji anatafuta gauni moja linalobadilika, na kila badiliko liwe na sababu iliyotoka kwenye kitambaa, kwenye mwili wa mvaaji, au kwenye jaribio ulilofanya.

Kwa kanga sababu hizo hazikosekani. Pima ya kwako, maana zinatofautiana, lakini nyingi zina karibu sm 150 kwa 110: pindo pande zote nne, mji katikati, jina juu kidogo ya pindo la chini. Mtande (nyuzi za urefu za kitambaa) unafuata ule urefu wa 150, ndiyo maana pande fupi ndizo zinazofumuka na pande ndefu zina ukingo wake. Chora kanga zote mbili za doti kwa kipimo cha 1:5. Kila moja itatoka sm 30 kwa 22, karibu sawa na karatasi ya A4. Kata patani za manila kwa kipimo hicho hicho, zipange juu yake, na upige picha kila mpangilio, hata ule ulioshindikana. Ukurasa huo una uzito kuliko michoro sita ya rangi.

Chukua sketi ya marinda, kiuno sm 76. Ukizungusha kiunoni urefu wote wa kanga, sm 150, kitambaa ni karibu mara mbili ya kiuno, lakini pindo za pembeni zitakutana nyuma na kusimama kama nguzo mbili. Ukizikata, tuseme kila moja ina sm 12, unabaki na 126, yaani mara 1.66. Kabla hujaamua, shona vipande vya majaribio: sm 15, 20 na 25, kila kimoja kikusanywe hadi 10. Vikate kwenye kanga chakavu yenye uzito uleule, mtande ukilala kama utakavyolala kwenye sketi, vinginevyo jaribio litakudanganya. Vibandike jaladani na uandike kila kimoja kinaangukaje.

Hapo utagundua jambo jingine: marinda yanameza jina, herufi zinaingia ndani ya mikunjo na hazisomeki. Basi acha sm 30 za katikati mbele zikiwa bapa, marinda yote yaende pembeni na nyuma. Hesabu inageuka. Katika 126 ukitoa 30 zinabaki 96, nazo zinakusanywa kwenye sm 46 za kiuno zilizosalia, karibu mara 2.1. Ungebaki na 150 ingekuwa mara 2.6, na kiuno kingevimba. Kwa hiyo jina ndilo lililoamua pindo za pembeni zikatwe. Andika hivyohivyo, pamoja na hesabu (akiba ya mshono uitoe baadaye). Huo ndio ukuzaji wa ubunifu anaoudai mwalimu wako.

Urefu wa sketi upime kuanzia chini kwenda juu. Ukingo wa kanga unakuwa mwisho wa sketi, huna haja ya kukunja, na pindo la juu linalobaki linatosha mkanda. Mikono itoe kwenye kanga ya pili, mmoja kila upande mfupi, ili pindo liangukie mwisho wa mkono na kulia kufanane na kushoto.

Halafu nguo ya majaribio. Tumia marikani (kitambaa cha pamba kisicho na rangi), sehemu ya juu peke yake inatosha, ishikize kwa bandi, yaani mishono mirefu ya muda. Chora kwa kalamu mstari wa katikati na wa kifua, mvishe mtu, piga picha mbele, ubavuni na nyuma. Mikunjo inayovutwa kuelekea kifuani inasema kifua kimekosa nafasi. Mkunjo uliolala chini ya shingo nyuma unasema mgongo wa patani ni mrefu. Mstari wa kifua ukipanda mbele, urefu wa mbele hautoshi. Marikani ni ngumu kuliko kanga, kwa hiyo itumie kupima mkao tu. Namna kitambaa kinavyoanguka, vipande vyako vya marinda vimeshakuonyesha.

Tathmini dhaifu mara nyingi huanzia hapa: vigezo huandikwa nguo ikiwa imekwisha, basi kila kitu "kimependeza". Viandike kabla ya mkasi, viwe vya kupimika. Jina lisomeke mvaaji akisimama mita mbili mbali. Akiinua mikono, kiuno kisipande zaidi ya sm 3. Pindo za mikono zikutane kwa tofauti isiyozidi nusu sentimita. Kitambaa kisisinyae zaidi ya asilimia 3. Hicho cha mwisho kipime mapema: kata kipande cha sm 20 kwa 20, kifue pamoja na kitambaa cheupe, kaushe, piga pasi, pima tena. Kikirudi na 19, umepoteza asilimia 5, na kwenye sm 110 hizo ni 5.5. Kitambaa cheupe kikipata rangi, fua doti nzima hadi maji yatoke safi ndipo ukate.

Mvaaji usimuulize kama anaipenda, atakujibu ndiyo kwa heshima. Muulize inambana wapi akiketi, na kama yuko radhi kuonekana na jina lile mbele za watu. Jina la kanga husomwa kama kauli ya aliyeivaa, na msahihishaji mzuri ataliangalia.

Kila kasoro iandikie kipimo na dawa yake. "Shingo haikai vizuri" haisaidii. "Shingo ya nyuma inaachia sm 1.5, nitapunguza 0.75 kila upande begani" inasaidia, na picha ya pini zikiwa mahali pake ibandike pembeni. Kurasa zenye mistari iliyokatwa usizichore upya ziwe safi, zitie tarehe na uziache zilivyo.